Kila Kitongoji na Zizi Lake

Urbano alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na tangu hapo hata gazeti lililofungiwa maandazi hakulitupa kabla ya kulimaliza. Siku hizi macho yamechoka, anasikiliza redio. Mwaka huu redio hiyo ilimtia ubishi.

Kila asubuhi habari ni ile ile: mataifa ya ng'ambo yaliyoungana kujilinda yanagombana. Moja linalalamika kwamba lenyewe linabeba majeshi, mengine yanabeba maneno.

"Wanyonyaji," Urbano aliiambia redio. "Kama Barabarani tu."

Barabarani ni kitongoji cha maduka pale Ihanja, ng'ambo ya korongo kutoka Mlimani, kitongoji cha Urbano. Zamani vitongoji hivi vilichinja kondoo vikaapa: yowe likipigwa, kila nyumba inatoa mwanamume mmoja, upinde wake, na unga wa siku mbili wa kufuata nyayo za wezi wa ng'ombe. Nyumba isiyotoa mtu hainyimwi matusi, inanyimwa hata kaa la moto kwa jirani. Urbano alifuata nyayo hadi karibu na Manyoni, akarudi na ng'ombe kumi na mmoja na kovu la mshale pajani. Leo Barabarani wanaleta betri za tochi.

Naye alikuwa na siri. Mtu wa rika lake halazi mifugo yote zizi moja, wala hasemi mingine iko wapi. Ng'ombe wake sita, wale wazuri, walikuwa kwa Editha, mjane wa rafiki yake. Maziwa ya Editha, ndama wa Urbano. Editha anakaa Barabarani.

Kwenye mkutano wa vitongoji viwili kuhusu ulinzi alisimama na fimbo yake.

"Othmani, watu wako wako wapi?"

Othmani, mwenye duka la mbolea na mwenyekiti wa Barabarani, alitabasamu. "Shikamoo kwanza, mzee. Wako kazini. Lakini tochi kanunua nani?"

"Tochi inamwonyesha mwizi pa kukupiga."

"Siku hizi mwizi anakamatwa kwa simu."

"Basi mpigie, aje."

Watu wa Mlimani walicheka, na kicheko kile kikamlevya. Alisema kuanzia leo kila kitongoji kilinde zizi lake. Moyoni alijua Othmani ataogopa, atakuja kuomba kabla ya wiki kwisha. Antipasi, kiongozi wa walinzi wa Mlimani, alimwinamia.

"Mzee, tukishapitisha tumepitisha."

"Pitisheni."

Mikono ikanyooshwa. Othmani hakuomba, aliondoka akiongea na simu. Urbano angeweza kuwahamisha ng'ombe wake, lakini kuwavusha korongo mchana ni kuwatangaza, na usiku ni kuwaita wezi. Akasubiri aombwe.

Siku ya tatu, jua la utosi, yowe lilitoka ng'ambo ya korongo, malishoni kwa akina Editha. Urbano alichukua upinde akaenda kwa Antipasi. Aliwakuta vijana na wazee wanapura alizeti.

"Antipasi, yowe."

"Tumelisikia, mzee. Ni la Barabarani."

"Kuna ng'ombe wangu kule."

"Ng'ombe wako si hawa hapa? Tunawaona kila siku."

Miaka arobaini Urbano hakuwahi kulitamka jambo hili mbele za watu. "Sita. Kwa Editha."

Fimbo za kupuria zilisimama kidogo. Mtu mmoja akacheka puani.

"Kumbe tajiri," alisema Antipasi. "Siku ile tunanyoosha mikono walikuwa wapi hao sita? Mzee, ulisema kila kitongoji na zizi lake. Watu wamechoka, na alizeti ni hii."

Akainua fimbo, akaendelea kupura.

Urbano alivuka korongo peke yake. Juu alimkuta Othmani na wanaume wawili, wamesimama kando ya pikipiki isiyotaka kuwaka. Editha alikuwa amekaa chini, kitenge mdomoni. Nyayo za ng'ombe zilielekea porini, bado mbichi.

"Shikamoo, mzee," alisema Othmani, safari hii bila tabasamu. "Umeleta wangapi?"

"Nyumba moja, mtu mmoja," alisema Urbano. "Ndivyo ilivyokuwa."

Akawapita, macho chini, akifuata nyayo. Hatua kama hamsini hivi ndipo alipokumbuka kwamba hakubeba unga. Hakugeuka.