Shangazi Alinifuata Ndera na Pilau, Mimi Niko Nyamirambo Nakunywa Maziwa

Admin, nifichie jina tafadhali, maana nusu ya ukoo wetu iko humu kwenye ukurasa wako, na wao ndio wa kwanza kukomenti.

Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Mwanza, sijaolewa, nina duka la vipodozi na ugonjwa mmoja unaoitwa baiskeli. Mwaka huu mimi na wenzangu wawili wa kikundi, kaka mmoja na dada mmoja, tuliamua kuendesha kutoka Mwanza hadi Kampala kwa kupitia Rwanda. Jamani, milima ya Rwanda isikieni hivyo hivyo! Tulipoingia Kigali Ijumaa jioni nilikuwa sisikii mapaja, tukakubaliana Jumamosi ni ya kupumzika na kuuzunguka mji.

Sasa, Kigali nina shangazi. Dada wa marehemu baba, tumbo moja. Aliolewa huko kabla sijazaliwa, hata Kiswahili chake sasa kimechanganyika na Kinyarwanda, 'l' imegeuka 'r'; anakaa mtaa wa Rwezamenyo, ni fundi cherehani, na miguu inamsumbua. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, lakini hatukuwahi kuonana, ni simu tu. Baba alipofariki mwaka juzi, shangazi alikuwa amelazwa, hakuweza kuja kumzika kaka yake. Aliposikia napita Kigali alilia kwenye simu. "Yooo, disi! Nitauona uso wa kaka yangu." Maana kila mtu anasema nimemchukua baba mzima mzima, mpaka pua.

Hapo ndipo roho yangu mbaya ilipojitokeza. Ukweli ni kwamba sijamlilia baba hadi leo. Tulizika, nikafungua duka, maisha yakaendelea. Nikajua nikikanyaga kwa shangazi ni kilio kuanzia mlangoni, picha za zamani zitolewe, majirani waitwe waje kunitazama. Nikajiambia, hapana, leo ni siku yangu. Asubuhi nikiwa bado kitandani nikampigia: "Shangazi nisamehe, baiskeli imeharibika, tumekwama huku Ndera, tunasubiri fundi." Ndera yenyewe nilikuwa nimeisoma tu kwenye kibao tulipokuwa tunaingia mjini. Akasema, "Pole mwanangu, wihangane, Mungu iko." Nikakata simu, nikavuta shuka.

Jumamosi ile ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo watu wote wanatoka asubuhi kusafisha mitaa, maduka yanafungwa na magari hayatembei. Kwa hiyo tukalala mpaka ulipoisha, ndipo tukatoka. Tulitembea mjini kati, tukanywa kahawa, tukapiga picha kama watalii wenye hela zao. Nilicheka sana siku ile. Halafu yule kaka wa kikundi akasema amesikia Nyamirambo kuna maziwa mgando ya baridi yasiyo na mfano, tukaenda. Mama muuzaji alikuwa mchangamfu, nikamuuliza kwa kuzuga tu, Rwezamenyo iko wapi? Akanyoosha kidole. "Ni hapo tu dada, ata pikipiki si razima."

Glasi haijafika nusu, simu ikaita, namba ngeni.

"Mwanangu, ni mimi shangazi. Nimeazima simu ya huyu wa pikipiki. Niko hapa Ndera, wewe uko upande gani?"

Nikamuuliza Ndera anafanya nini.

"Si urisema umekwama? Nimekuretea pilau, iko kwa hotipoti, iko moto bado. Tumezunguka sana, tunauriza watu wa baiskeli, hakuna mwenye amekuona."

Yule mama, na miguu ile, amepanda pikipiki na hotipoti mapajani kuvuka Kigali nzima! Ningeweza kusema ukweli palepale. Badala yake nikasema, "Shangazi, tulipata lori likatubeba, tumeshaupita mji, tunaelekea mpakani." Nilisikia magari yakipita alikosimama. Kisha akasema, "Basi ni kosa yangu. Umuganda umenicherewesha, pikipiki zirikuwa hazitembei. Ningetoka mapema ningekukuta. Unisamehe, mwanangu."

Ananiomba msamaha mimi! Mimi niliyekaa jirani na mlango wake na povu la maziwa mdomoni!

Yule dada wa kikundi alikuwa amesikia yote. Akaniambia, "Inuka twende tukamsubiri mlangoni kwake, akifika umwangukie miguuni." Nikamjibu vibaya, nikamwambia aache kunipangia mambo ya familia yangu. Jumapili alfajiri tukaondoka.

Tangu nirudi Mwanza sina amani. Shangazi amewapigia ndugu wote kuwaeleza kwa uchungu jinsi mtoto wa kaka yake alivyopita Kigali na njaa, yeye akashindwa kumfikia. Mguu wake umevimba tangu siku ile ya Ndera. Na sasa anakuja. Ijumaa ijayo anapanda basi kuja Mwanza, anasema anataka kuniomba radhi ana kwa ana na kulizuru kaburi la baba. Nimemweleza mama yangu peke yake, akashika kichwa, akasema, "Ukimwambia utamvunja. Kaa kimya, ubebe mzigo wako." Yule dada wa kikundi yeye bado hanisemeshi.

Jana shangazi kapiga tena. Nikadhani ni habari za safari. Kumbe anauliza, "Mwanangu, na ire baiskeli yako iripona?" Nikasema imepona. Akasema, "Alhamdulillah, nirikuwa naiwaza," na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. Nikafunga duka mchana kweupe, nikakaa sakafuni nikalia, na nilipomaliza kumlilia yeye nikajikuta namlilia baba.

Nishaurini ndugu zangu, wala msinionee huruma. Nimwambie palepale stendi kabla hajanikumbatia, au nimwache kwanza aushike huu uso alioufuata mpaka Ndera?