Sauti Ilipotangulia Mdomo

Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma, nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Mwembesongo, na mimi nilibakiwa na kazi moja tu ya kumfanyia: kumwonyesha kwamba kaka yu hai. Dawa zilikuwa za daktari, sala zilikuwa za akina mama wa jumuiya. Hiyo ya kaka ilikuwa yangu, na kila nilipoishika iliniponyoka.

Kaka aliondoka kiwanda chao kilipouzwa. Mwenye mali mpya alikuja na mashine zake na watu wake, wale wa zamani wakaambiwa wasubiri nyumbani, na kaka si mtu wa kusubiri. Alipita nchi hii na ile mpaka akafika kwa Wazungu, akawa anapanga maboksi kwenye ghala. Karatasi zake hazikuwa sawa. Akitoka, harudi tena, na huku nyumbani tulikuwa tunakula kwa mkono wake. Kila Jumapili alipiga simu. Halafu masika moja akanyamaza kabisa.

Baadaye tulikuja kujua kwamba alifukuzwa kazi, akaona aibu kutuambia, akajificha mpaka alipopata nyingine. Aibu yake hiyo nimeilaani mara nyingi. Maana kimya chake kilimkuta mama ndio kwanza ameshushwa kutoka kijijini kwetu Matombo kwenye lori la ndizi, tumbo limevimba, na watu wa mtaani wanaingia kumjulia hali kwa makundi, wanakaa mkekani, wanaongea kwa sauti ndogo. Mama akawatazama vile walivyokaa, akajumlisha mwenyewe kwamba kaka amekufa.

Kwetu mgonjwa mahututi haambiwi msiba. Kila mtu analijua hilo, na mgonjwa naye analijua. Nikiwa mdogo, mama mkubwa alifariki wakati bibi yuko kitandani. Mama alipotoka kuzika alipitia shambani kwa huyo dada yake, akakata mkungu, akampelekea bibi na kumwambia, "Dada anakusalimu, amekuletea ndizi." Bibi akala, akashukuru. Mama aliendelea kuleta ndizi za marehemu mpaka bibi naye alipokwenda. Kwa hiyo nilipompigia mama magoti kando ya kitanda na kumwambia kaka amepatikana, mzima wa afya, anakusalimu sana, alinitazama kwa huruma.

"Sawa mwanangu," akasema. "Nimesikia."

Simu hakutaka hata kuishika. Alisema sauti mtu yeyote anayo. Ndipo kaka alipotafuta laptop yenye kamera ndogo juu ya kioo, akampa mtu aliyekuwa anarudi nchini, ili mama amwone kwa macho yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kompyuta niliijua kwa kwenda kuchapa mitihani kwenye intaneti kafe pale mjini, basi. Nikanunua modemu, kijana wa kafe akanifundisha kuunganisha, tukapatana na kaka saa. Nikamwinua mama, nikamwegemeza kifuani kwangu, laptop nikaiweka juu ya godoro mbele yetu.

Kaka akatokea. Mashavu yamejaa, nywele zimeanza kurudi nyuma, lakini yeye mwenyewe. Mdomo wake ulikuwa umefumba, na kutoka hapo ikaja sauti: "Shikamoo mama." Sauti ikaendelea, pole mama, nimekukumbuka mama, na kaka ametulia tu anatuangalia. Ikanyamaza. Sasa mdomo ukaanza kucheza, ukacheza peke yake kimyakimya, kisha picha nzima ikaganda jicho moja limefumba.

"Nani anamsemea?" mama akauliza.

Nikaelewa papo hapo alichokuwa anakiona. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kibanda cha video. Walionyesha sinema za Kichina, na jamaa mmoja wa Dar alizitafsiri juu kwa juu, anawasemea wote, baba, mama, jambazi na bibi harusi. Mchina amefunga mdomo wake, jamaa bado anapiga maneno. Kabla hajaugua, mama kila akishuka mjini alikwenda pale kukaa na wajukuu na kucheka mpaka machozi. Siku hiyo hakucheka. Aliniambia nimlaze, akageukia ukutani, akajifunika kanga kichwani.

Hapo nilianza kupigana na ile laptop. Kijana wa kafe alisema, "Mwalimu, utakuwa umefungua mambo mengi." Sikuwa nimefungua chochote, ila kumbe yenyewe ilikuwa inajifungulia. Programu ya kuzuia virusi ilikuwa inavuta vitu vyake chinichini, inakula mtandao wote wakati mimi namlilia Mungu. Nikaizima. Nikapunguza ukubwa wa picha. Mashine ilikuwa inachemka kwa kuwekwa kwenye godoro, feni inalia, nikaihamishia kwenye sinia juu ya kigoda. Modemu nikaifunga kwenye mti wa ufagio kwa waya mrefu, nikautoa dirishani kuelekea upande usio na mlima, maana ukuta wa kwetu na milima ya Uluguru kwa pamoja vilikuwa vinatuzibia. Wapita njia waliuliza ninavua nini. Niliwajibu vibaya, na sijutii.

Tukajaribu tena. Safari hii mama aliniwekea sharti. "Kama ni mzima, mwambie ashike sikio." Nilifurahi, maana mkanda wa video haushiki sikio kwa kuagizwa. Nikamwambia kaka, karibu nipige kelele. Picha ikaganda. Nikangoja, mama akangoja, mimi nimemkumbatia na yeye anatetemeka kwa homa, na kaka yuko pale kwenye kioo mikono chini kama amesimama foleni. Mama akasema mgongo unamuuma. Nikamlaza. Nilipoinua kichwa, kaka alikuwa ameshika sikio, amelishika kwa nguvu, macho yamemtoka. Nikasema mama, tazama, ameshika. Alikuwa ameshafumba macho, na alipoyafumbua picha ilikuwa imekatika.

Nililia siku hiyo mbele ya mashine, nikaitukana matusi ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua. Mama alikuwa anaisha. Alikuwa ameacha uji. Na kila alipoamka alikuwa anamwombea kaka, si sala ya msafiri bali ile ya marehemu, raha ya milele umpe ee Bwana, na mimi kitandani pembeni naisikia na siwezi kumzuia mama kusali. Nilitaka apumzike. Nilitaka aende akijua amemwacha mtoto duniani.

Kijana wa kafe akasema tatizo lingine ni mwanga. Kamera ikiwa gizani inavuta picha taratibu ili ione, sauti inaitangulia. Nikampigia kaka simu, nikamuuliza amekaa wapi. Alikuwa amekaa kwenye chumba anacholala na wenzake, taa wamezima kwa kuwa wenzake wamelala. Nikamfokea kama si kaka yangu mkubwa. Nikamwambia atafute mahali penye mwanga, hata chooni. Tukapanga alfajiri ya huku kwetu, kabla watu hawajaamka kuutafuna mtandao.

Mvua ilikuwa imenyesha, hewa imetulia. Kaka akatokea akiwa amesimama kwenye ngazi za jengo, mwanga wa taa unampiga usoni. "Shikamoo mama," akasema, na mdomo ukasema hivyohivyo, neno kwa neno, shi-ka-mo-o. Sikuamini. Nikanyanyua mkono kumwambia asinyamaze, aendelee. Akaendelea. Aliongea habari za Matombo, za mto tuliokuwa tunakatazwa, za mbuzi wetu aliyekula kitabu cha katekisimu, na kila neno lilikaa mdomoni mwake mahali pake. Bila kuambiwa akashika sikio, akatabasamu, akalivuta.

Mama alimtazama muda mrefu. Uso wake ulilainika. Nikamsikia anapumua kwa urahisi kifuani kwangu, na mimi nikaanza kumshukuru Mungu.

"Leo mmeweza," akaniambia.

"Mama, si kwamba tumeweza. Ni yeye."

Akanipapasa mkono. "Mmehangaika sana. Hata sikio mmelikumbuka. Nilikuwa nafanya kwa ndizi tu mimi, nyinyi mmesoma."

Nikasema mama, jamani mama, naapa. Kaka alikuwa amesikia yote. Uso wake ulikuwa wazi kabisa kwenye kioo, haukuchelewa hata kidogo. Mama akajisogeza mbele, akakusanya pumzi, akamsemesha kwa ile heshima tunayompa mtoto wa watu aliyetusaidia njiani.

"Baba, Mungu akubariki. Umefanana na mwanangu, na sauti yako ni yake. Mama yako yupo?"

Kaka akatingisha kichwa, ndiyo.

"Mshukuru sana kwa kuniazima wewe."

Nikamwangalia kaka. Nilikuwa namwomba kwa macho abishe, apige kelele, amwite mama kwa jina alilokuwa akimwita utotoni. Akapangusa uso kwa kiganja, akausawazisha.

"Nitamwambia, mama," akasema, na mdomo na sauti vilikwenda pamoja.