Mtaalamu wa Alhamisi na Ng'ombe Wetu Neema

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye migomba ya juu ya Tengeru, televisheni haikuwa kitu cha kuwasha tu. Ilikuwa inapokelewa. Yetu ilionyesha nyeusi na nyeupe, ilikula betri ya gari, na betri hiyo ilishushwa sokoni kwa toroli kwenda kuchajiwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu mgeni wetu hakupewa jembe hata mara moja. Alifunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, kile ambacho Mama alikuwa amekiandaa kwa ajili ya ziara za mchungaji.

Alhamisi jioni kulikuwa na kipindi cha ufugaji. Tuliogeshwa miguu, tukakaa kwenye mkeka, mtoto mmoja wa jirani akapanda mparachichi kuzungusha antena. Ndani sote tunapiga kelele: "Hapo hapo! Umeharibu! Rudisha!" Chenga zikipungua, anatokea Mtaalamu. Jina lake hatukulijua. Alivaa koti jeupe na gambuti, na aliongea na ng'ombe kwa upole ambao hakuna mwalimu wetu yeyote wa shule ya msingi aliyewahi kutuonyesha sisi.

Bibi, mama yake Baba, hakukubali kwamba mtu anaweza kuingia sebuleni, akafundisha nusu saa nzima, asipewe hata chai. "Mtu koo linamkauka, nyie mnamtumbulia macho tu," alisema. Basi kila Alhamisi aliweka kikombe cha chai ya maziwa kwenye stuli, mbele ya kioo. Mtaalamu akisema, "Habari za jioni, wafugaji," Bibi anajibu nzuri, kisha anamuuliza za huko kwao. Mtaalamu akiendelea na somo bila kumjibu, Bibi anamtetea: "Ana haraka, wanafunzi wake ni wengi." Kipindi kikiisha, ile chai iliyopoa na kufunga utando ilikuwa ya watoto. Nakiri kwamba elimu ya ufugaji mwanzoni niliipendea hapo.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja, Neema, mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Nilimkatia majani tangu akiwa ndama na nilimpenda kuliko baadhi ya binamu zangu. Mama ndiye aliyemkamua, na Neema alikuwa anasimama kimya anatafuna. Ila Alhamisi moja Mtaalamu alisema ukamuaji ni sayansi. Baba alikuwa karani kwenye ghala la kahawa, mtu wa kalamu na shati lililopigwa pasi. Akatangaza kwamba kama ni sayansi, kuanzia siku hiyo atakamua yeye.

Siku hiyo hiyo Neema alipiga teke. Ndoo ikaenda huku, Baba akaenda kule. Kesho yake tena. Mama alisema taratibu, akimwita kwa jina langu, "Baba Anaeli, mimi mbona alikuwa hanipigi?" Baba akajibu, "Alikuwa bado hajakua." Tukaanza kunywa chai ya rangi, na hata kikombe cha Mtaalamu kikawa cha rangi, jambo lililomuumiza sana Bibi. Kisha Baba, shati likiwa limechafuka kwa mara nyingine, akasema ng'ombe mkorofi dawa yake ni bucha, na kwamba mchinjaji angekuja kumchukua kesho yake.

Niliogopa kweli. Nilikwenda zizini nikamwambia Neema ajirekebishe, akanilamba sikio. Bibi ndiye aliyetuokoa kwa muda. "Mwanangu, Alhamisi ni kesho kutwa. Mwalimu mwenyewe anakuja. Utamchinjaje ng'ombe kabla hujamsikiliza mgeni?" Baba akamsogeza mchinjaji mpaka Jumamosi, maana mwenye kumsifu Mtaalamu kanisani na ghalani alikuwa yeye.

Alhamisi ikafika. Hata majirani walikuja, kesi ilikuwa imesambaa. Mtaalamu akasalimia, akapita kwenye kupe, akapita kwenye pumba, na hatimaye akasimama mbele ya kamera akasema, "Sasa, ng'ombe anayepiga mateke wakati wa kukamuliwa, ndugu mfugaji, dawa yake ni..." Picha ikasinyaa, ikawa ndogo kama kisanduku cha kibiriti, ikazima. Betri imekwisha.

Kila mtu akamalizia mwenyewe. Baba: ni kuuzwa. Mama: ni kumrudisha kwa aliyemzoea. Jirani: ni kumfunga miguu. Bibi akasema dawa ni kuimbiwa, na hapo hapo akatoa hukumu: neno la mgeni halikatwi, ng'ombe hauzwi mpaka mwalimu amalize. Jumamosi mchinjaji akaja, akarudi mikono mitupu. Alhamisi iliyofuata Mtaalamu akafundisha kuku. Iliyofuata, sungura. Bibi alikuwa anamkatiza, "Mwalimu, bado tuko kwenye teke," lakini wapi. Huku nyuma tulimwimbia Neema nyimbo za kwaya, sauti zote nne. Alisikiliza vizuri sana, akapiga teke kwenye amina.

Ndipo kipindi kile kikarudiwa. Safari hii betri ilikuwa imejaa. Mtaalamu akasema, "...dawa yake ni kumtazama kwanza anayemkamua. Je, ana kucha ndefu?"

Baba alikuwa amefuga ukucha wa kidole gumba. Aliutunza ili watu wajue kwamba ingawa nyumbani ana zizi, kazini ana meza. Sebule nzima, familia na majirani, ikageuka polepole kukitazama kidole kile. Baba akakifunika kwa mkono wa pili. Mama alinyanyuka bila kutumwa, akarudi na wembe. Baba akasema kwa unyonge, "Huyu mtu anakunywa chai yangu halafu anakuja kunisema ndani ya nyumba yangu." Akakatwa ukucha mbele yetu sote, kipindi kikiendelea. Jioni ile Neema alisimama kimya, ndoo ikajaa povu, na nililia kwa furaha nikisingizia moshi wa jikoni. Aliishi kwetu mpaka uzee, akatuachia mitamba.

Leo naishi mjini, Levolosi, na wanangu wana walimu wa dunia nzima kwenye simu. Wanawapitisha kwa kidole. Mwalimu hata hajamaliza salamu ameshafukuzwa, kaja mwingine anacheza muziki. Siwacheki sana, maana na mimi nimo. Juzi wakati wa chakula nilikuwa natazama daktari mmoja kwenye simu yangu, anaeleza vizuri kabisa kuhusu watu wa umri wangu wanaoongeza chumvi mezani. Alinisema mimi, mpaka namna ninavyotikisa kichupa cha chumvi. Nikainua macho. Mke wangu alikuwa na simu yake, wanangu na zao, kila mmoja na mtaalamu wake masikioni. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nikaongeza chumvi, nikala.