Robo Tatu Toa Nusu

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya darasa zima la tano!

Jana binti yangu Zuhura alikuwa anafanya hesabu za sehemu. Robo tatu toa nusu. Akaandika robo.

Nikamwambia, "Futa! Juu tatu toa moja, mbili. Chini nne toa mbili, mbili. Mbili juu ya mbili, jibu ni moja."

Akabisha. Nikafuta mwenyewe, nikaandika moja.

Leo mapumziko karudi analia, kawekewa kosa. Nikaacha korosho zangu uani, nikamshika mkono hadi darasani kumkabili mwalimu.

Mwalimu hakubishana. Akaniuliza tu, "Mama Zuhura, una robo tatu ya muhogo. Ukila nusu muhogo, unabaki na muhogo mzima?"

Weee!

Watoto wakaangua kicheko. Zuhura hakucheka. Alichukua chaki.

"Mama, nusu ni robo mbili. Robo tatu toa robo mbili, inabaki robo."

Nimemwomba radhi palepale, mbele ya wenzake. Mpaka sasa siamini.

Semeni ukweli, nani mwingine alikuwa anatoa juu kwa juu, chini kwa chini?