Jicho la Samaki

Zamani mtoto wa mji huu hakuhesabiwa kuwa anajua kuogelea mpaka apige mbizi aguse jicho la samaki. Siku hizi mtoto huyo anaogelea kwenye simu, amejilaza kitandani.

Samaki mwenyewe alikuwa wa vigae vya bluu, chini kabisa ya bwawa la manispaa. Aliyempanga ni mdogo wa Fundi Vigae, walipokuwa wakimalizia sakafu wao wawili. Jicho likatoka kombo.

"Samaki wako ana makengeza!" Fundi alimcheka.

"Anakuchunga usiibe vigae, kaka."

Mdogo mtu alishakufa siku nyingi. Hakuacha mtoto wala picha. Aliacha samaki.

Bwawa likafungwa, eti mabomba yamechoka, kana kwamba bomba halina fundi. Kisha wakaja wataalamu wa mambo ya kale kutafuta birika la mawe, la kuhifadhia maji, lililozikwa chini yake. Fundi aliposikia, akavaa koti akawafuata.

"Shikamoo, mzee," akasema binti mwenye kofia pana, mkuu wao.

"Marahaba. Chimbeni mpendavyo, ila samaki nitamtoa mimi, kigae kimoja kimoja. Ni kazi ya marehemu mdogo wangu."

"Lakini mzee, hiki ni kitu cha juzi tu."

"Juzi ya nani? Mji mzima umemgusa huyu!"

Binti akatabasamu, kama anayembembeleza mtoto. "Haya, usijali. Njoo Jumatatu umtoe."

Jumatatu mkewe akampa blanketi la kumfungia samaki. "Usije ukamwangusha shemeji yangu," akamwambia, na Fundi akacheka njia nzima, tindo na nyundo mfukoni.

Alikuta shimo. Mashine ilikuwa imepita juu ya samaki, na kifusi kiko kwenye lori.

"Mashine ilikuja mapema, mzee," binti akasema. "Tukasahau kukuambia."

Wakasahau! Watu wanaokumbuka waliokufa kabla ya babu wa babu zao!

Fundi akapanda lori, akafukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Akaambulia vumbi na vipande visivyotosha hata pezi moja.

"Shuka, mzee, utaniletea kesi!" dereva akafoka. Akashuka. Lori likaondoka.

Alipogeuka, aliwaona wataalamu wamepiga magoti kuzunguka kipande cha chungu. Wamekizungushia kamba, wanakipiga mswaki taratibu, wanaongea kwa kunong'ona, utadhani pana mgonjwa amelala.

"Cha mtu msiyemjua mnakipigia magoti!" Fundi akapaza sauti. "Cha mtu mwenye ndugu hai mnakiita kifusi!"

Hakuna aliyeinua uso. Mmoja tu, kamera mkononi, alimpungia asogee pembeni: kivuli chake kinaharibu picha.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho alipowaona, migongo imemwelekea, naye na blanketi lake tupu begani. Hakusogea.