Mgeni wa Kabatini

Kwetu Kakamega, mgeni akisema ameshiba anaambiwa ale kidogo tu cha kuondokea, na hicho kidogo huwa ni sahani nyingine. Ndivyo nilivyolelewa, na tabia hiyo nikaja nayo hadi huku ughaibuni, Langley Park, katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala inayotazamana na maegesho ya magari. Humo mume wangu aliugua saratani. Dawa zilimtapisha, akazidi kukonda huku mimi nikirundika sahani kando ya kitanda. Kutwa niliwalisha wazee wa watu kwa kijiko, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, lakini jioni nikashindwa kumlisha wangu.

Rafiki yake Mkongo, aliyekuwa akisafisha naye ofisi kabla hajaugua, alituletea mche wa bangi ndani ya mkebe. Alisema ukikomaa utamrudishia hamu ya kula. Nilitaka kumfukuza yeye na mkebe wake. Makaratasi yetu yalikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, na jani moja la kitu kile lingetosha kuturudisha nyumbani, na huko matibabu yake tungeyalipia na nini? Lakini mume wangu aliutazama ule mche kwa macho ambayo hakuwahi kuitazamia sahani yangu hata moja. Nikaufungia kwenye kabati la nguo, chini ya taa, na tangu siku hiyo mapazia hayakufunguliwa. Nilijihisi mfungwa, na askari wa jela ni mimi mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa wakulima, nani angenifundisha kupanda? Dukani nilikuta chupa ya kukuza majani, nyingine ya mizizi, nyingine ya maua, nikachukua zote. Nikaongeza maganda ya mayai, majani ya chai, na majivu niliyochota bustanini, pale watu wanapochomea nyama. Ncha za majani zikageuka kahawia, zikajikunja. Nikasema hii ni njaa, nikazidisha.

Ulipokua ulianza kunuka. Nikaona dawa ya harufu ni omena, wale dagaa wa kwetu. Nilikaanga omena kila jioni hadi jengo zima likajua tunakula nini. Kina mama wa kanisa walipokuja kumjulia hali, wamebeba chapati na kuku kama ilivyo desturi, niliwazuia mlangoni mwa chumba.

"Sister, si tu-pray naye kidogo tu?"

"Ame-sleep, mama. Ame-sleep kabisa."

Papo hapo akasikika ndani akitapika. Ni ile harufu ya omena. Kina mama wakainamisha macho, wakaomba pale sebuleni, wakaenda zao. Mimi nikabaki nimeshika kitasa. Nilichokipika kuficha dawa ya kumfanya ale ndicho kilichomzuia kula. Nililia kwa hasira.

Yule rafiki alipokuja kuuona mmea alicheka hadi akakaa kitandani.

"Mama, unaichoma! Hii muti haiko mugeni. Weka machupa yote pembeni, umupatie mayi tu."

"Na mimi pia," mume wangu akasema, kichwa bado kwenye mto. "Unanichoma, mama."

Nilimjibu kwamba kweli, asante ya punda ni mateke. Kisha nikaubeba mkebe hadi bafuni, nikaumwagilia maji matupu mpaka udongo ukatoa uchafu wote, na chupa zangu nikazitupa.

Majani mapya yalitoka safi. Siku nilipoyaona sikukaanga omena. Nilipika uji mwepesi, hauna maziwa wala siagi, nikautia nusu kikombe, nikauweka kando ya kitanda, kisha nikampa mgongo nikijifanya nakunja nguo. Nikasikia akipiga funda. Halafu funda jingine. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye sufuria niliyokuja nayo chumbani, ili nimwongezee. Nikaurudisha.

Harufu ya mmea ilikuwa imejaa nyumba nzima mlango ulipogongwa.

"Hodi! Sister, fungua, tumewaletea chakula!"

Kwetu mgeni hafungiwi mlango. Nilikaa sakafuni, nimeziba mdomo kwa mkono, nikimwangalia mume wangu akimalizia uji.