Nyumba ya Mfano

Jana nilimpeleka mwanangu hospitali, anaharisha, na nesi aliyetupokea ni yule niliyekaa naye dawati moja miaka mitatu. Alinitazama usoni akasema, "Mama, rudi kwenye mstari." Nikarudi. Ngoja nikwambie kwa nini sikumtukana.

Shuleni kwetu, hapahapa Tabora, nyuma ya bweni palikuwa na kijumba cha vyumba viwili tulichokiita nyumba ya mfano. Kila msichana wa darasa la mwisho alikaa humo wiki nzima akijifunza umama: pasi ya mkaa, kutandika kitanda, kupika, na kulea mtoto wa kweli aliyeazimwa kijijini. Kijumba kizima kilinuka sabuni ya kipande na nsansa, ile mboga ya majani makavu, ikichemka kwa karanga. Mimi nilitaka unesi, na shule nzima ilijua. Bibi yangu alikuwa akisema, "Chema chajiuza, mjukuu wangu. Wewe fanya kazi, watakuona."

Basi matroni wa hospitali akaja kuchagua msichana mmoja wa kusomea unesi, na zamu ya kijumba ilikuwa yangu. Nilijituma kama punda. Mtoto nilimwogesha akalala, vikombe viling'aa, nsansa matroni alikula sahani mbili. Mwenzangu, huyu wa jana, aliletwa kunisaidia kuandaa meza. Akammwagia mgeni chai kwenye gauni.

Matroni alijipangusa, akamwambia mwalimu mkuu kwa Kiswahili chake cha kuburuta, "Huyu mpishi mmeshamaliza kumfundisha. Mtafutieni mume. Nitamchukua huyu wa chai, bado anahitaji kufundishwa kazi."

Mwalimu mkuu akapiga makofi, eti nimesifiwa. Bwenini wakanipokea kwa vigelegele: "Bi harusi huyo, mke wa karani." Nami nikacheka nao, mjinga mimi. Mahindi hayajakauka shambani, washenga wa karani wa stesheni ya Urambo wameshakaa barazani kwa baba, wanasifu mapishi wasiyoyaonja.

Kile kijumba kimebomolewa, matofali yake wamejengea choo. Bibi amekufa akiamini alinishauri vyema. Jana pale mstarini nilimshika mwanangu kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo kama tulivyofundishwa darasani. Yalikuwa yanakwenda mbio. Nilipofika mbele nikamweleza nesi.

Aliendelea kuandika kwenye kadi, hakuinua kichwa. "Hayo tuachie sisi, mama."